Juma la Mvua Kando ya Ziwa Kivu

Somo la vikundi. Kabla ya kukutana, kila mtu asome nyumbani kwake 1 Wafalme 18:41-46 na Luka 13:1-5.



Nabii Eliya alipokuwa juu ya mlima Karmeli hakuomba mvua halafu akalala. Aliinama mpaka chini, uso kati ya magoti, na wakati uleule akamtuma mtumishi wake aende kutazama upande wa bahari. Kijana akarudi akasema hakuna kitu. Akatumwa tena. Akatumwa mpaka mara saba. Mara ya saba aliona kawingu kadogo kakipanda kutoka baharini, na nabii hakungoja kawingu kawe wingu kubwa. Palepale alipeleka habari kwa mfalme Ahabu atandike gari lake na kuteremka, mvua isije ikamfungia njia. Sisi tumezoea kuhubiri juu ya magoti ya Eliya. Leo tunataka kujifunza habari ya yule kijana aliyekuwa anatumwa kutazama.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni juma la mvua la mwezi wa tano 2023 kando ya Ziwa Kivu, ambalo wengi wetu tulililia kwa siku chache, halafu tukalisahau. Ya pili ni ile parsele. Ninyi nyote mnajua kwamba tumepata nafasi ya kununua parsele kule bondeni, karibu na kijito, kwa bei ambayo mfuko wetu unaiweza, ili tujenge nyumba ya maombi. Siku ya kukata shauri imekaribia. Lakini juu ya parsele tutasema baadaye. Tuanze na ziwa.

Siku tatu za mwezi wa tano

Hapa kwetu hakuna bahari. Pwani yetu sisi watu wa Kivu ni pwani ya maziwa. Samaki tunaowanunua sokoni Kilokwa wengine wanatoka Ziwa Edward, kule Kyavinyonge na Vitshumbi, na kila anayefanya biashara ya samaki anajua jinsi wavuvi wanavyoogopa upepo wa usiku. Ukishuka zaidi kusini unafika Ziwa Kivu. Kaskazini mwa ziwa hilo miji miwili inagusana: Goma upande wa Kongo, na Gisenyi, ambayo leo iko katika wilaya ya Rubavu, upande wa Rwanda. Gisenyi ina mchanga mweupe na hoteli mbele ya maji, na siku ya mapumziko watu wanakwenda kuoga ziwani na watoto wao. Mtu akipaona pale siku ya jua hawezi kufikiri kwamba maji yanaweza kuja kutoka nyuma yake.

Lakini ndivyo yalivyokuja. Usiku wa Jumanne tarehe 2 kuamkia Jumatano tarehe 3, mwezi wa tano 2023, mvua ilinyesha bila kupumzika juu ya milima ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya, unaoshuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani karibu na Gisenyi, ulitoka katika njia yake na kuingia nyumbani mwa watu. Mahali pengine si mto uliokuja bali mlima wenyewe: udongo uliteleza juu ya nyumba wakati watu wamelala. Katika usiku ule mmoja walikufa watu zaidi ya 130, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka.

Habari hiyo ilifika ng'ambo ya ziwa siku ileile ya Jumatano. Redio zilisema. Na kesho yake, Alhamisi tarehe 4, ile tunayoiita siku ya nne, upande wetu wa Kongo watu waliamka wakaenda kazini kama kawaida. Hatusemi hivyo ili kuwalaumu. Sisi pia tungekwenda. Alhamisi ndiyo siku ya soko pale Nyamukubi, kijiji cha eneo la Kalehe, jimbo la Kivu ya Kusini. Mama anayeuza mihogo, ambaye amekopa fedha za kununulia mzigo, hawezi kubaki nyumbani kwa sababu ya mawingu. Wachuuzi walikuwa wametoka sehemu mbalimbali, na ndiyo sababu mpaka leo hakuna anayeweza kusema sawasawa ni watu wangapi walikuwa pale.

Mchana ule kuelekea jioni mvua ilishuka kwa nguvu sana juu ya milima. Mito ikavunja kingo zake. Nyamukubi na Bushushu ndivyo vijiji vilivyoumia kuliko vyote. Hayakuwa maji matupu. Yalikuwa maji na matope na miti na mawe makubwa kuliko nyumba, vyote vikishuka pamoja kuelekea ziwani. Siku zilizofuata watu walikuwa wanachimba kwa mikono na majembe, na maiti nyingine ziliokotwa zikielea ziwani. Maiti zilizopatikana zilipita 400. Ambao hawakuonekana walihesabiwa kwa maelfu. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipeleka waganga wake kusaidia majeruhi. Wafu wengi walizikwa kwanza katika makaburi ya pamoja, bila sanduku, jambo ambalo liliwachoma wengi moyo. Serikali ikatangaza Jumatatu tarehe 8 kuwa siku ya maombolezo ya taifa zima.

Juma moja tu, kutoka Jumanne mpaka Jumatatu.

Maji yana uzito

Tuache machozi kidogo tufanye hesabu, kwa sababu mtu asiyejua hesabu ya mvua hataiheshimu. Wanaopima mvua wanaipima kwa milimita. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya uwanja wa meta 1 kwa meta 1 inatoa lita 1 ya maji. Haya basi: chukua nyumba yenye mabati ya meta 6 kwa meta 8. Mvua kali ya milimita 50 itamwaga juu ya mabati hayo lita 2,400, yaani bidoni 120 za lita 20. Mama zetu wanaobeba bidoni moja kutoka chemchemi wanajua 120 ni nini. Sasa chukua mlima, kipande cha kilomita 1 kwa kilomita 1 tu. Mvua ileile itamwaga juu yake lita milioni 50. Huo ni uzito wa tani 50,000, na tani hizo zote zinatafuta njia ya kushuka.

Kama mlima una msitu, majani yanapokea sehemu ya maji, mizizi inashika udongo, na udongo unakunywa polepole. Kama msitu umekatwa kwa ajili ya makala na matofali, au mlima umelimwa mpaka kileleni bila mitaro ya kukata mteremko, maji yanashuka yote kwa mara moja. Milima ya Kalehe imekatwa miti mingi kwa miaka mingi. Nasi wa Butembo tusijione, kwani vilima vyetu tumevifanya namna ileile.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Udongo ni kama sifongo. Mvua ya kwanza ya juma haiui. Udongo unainywa. Ya pili vilevile. Lakini mwishoni mwa msimu, mwezi wa nne na wa tano, sifongo imekwisha kujaa, na ile mvua ambayo mwezi wa tatu ingepita bila madhara sasa haina pa kuingia. Udongo uliojaa maji unakuwa mzito na unateleza juu ya mwamba. Ndiyo maana ni afadhali kuhesabu mvua ya juma zima kuliko kuogopa mvua ya siku moja. Anayetazama wingu la leo peke yake amerudi kwa nabii mara ya kwanza tu. Bado mara sita.

Uwanja tambarare umetoka wapi?

Hapa tunaomba vikundi visipite haraka.

Ukisafiri kwa mashua kati ya Goma na Bukavu utaona milima inashuka moja kwa moja mpaka majini. Hakuna mahali pa kuweka kijiji isipokuwa pale mto unapoingia ziwani. Pale kuna kiwanja kizuri, tambarare, chenye udongo mweusi unaootesha kila kitu. Watu wamejenga pale kwa haki: kuna bandari ya mitumbwi, kuna maji, barabara inapita, soko linakaa vizuri. Lakini tuulize, ni nani aliyekileta kiwanja hicho? Ni mto wenyewe. Ule udongo mweusi ulitoka juu ya mlima, ukaletwa na mafuriko ya zamani, moja baada ya jingine, kwa miaka mingi sana. Kiwanja ni kitanda cha mto. Mto unaweza kuacha kitanda chake miaka 10 au miaka 50, lakini haukisahau.

Na katika Kalehe mto ulikuwa umekwisha kupiga hodi. Mwezi wa kumi 2014 mvua kubwa iliua watu makumi katika eneo hilohilo la Kalehe, na Bushushu ilikuwamo. Waliobaki walijenga tena palepale. Wangeenda wapi? Mashamba ya juu yana wenyewe, na maskini hachagui mlima. Uvira nayo, kando ya Ziwa Tanganyika, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika na kuua watu zaidi ya 40, na maelfu ya nyumba zikaenda.

Msiseme hayo ni mambo ya kusini. Ndugu zetu Bakonzo wa Kasese, ambao lugha yao na yetu ni karibu moja, wanakaa upande wa pili wa Ruwenzori. Tarehe 1 mwezi wa tano 2013 mto Nyamwamba ulishuka kutoka mlimani na kuingia Kilembe na mjini. Mwezi wa tano 2020 ulirudi, na safari hiyo ukaharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi wa tano 2013, mwezi wa tano 2020, mwezi wa tano 2023. Andikeni tarehe hizo ukutani.

Je, walikuwa wenye dhambi kuliko sisi?

Katika siku zile za maombolezo tulisikia wahubiri, na wengine ni wa karibu nasi, wakisema kwamba Nyamukubi iliadhibiwa. Wakataja pombe ya sokoni, wakataja uchawi. Tulisikia pia mmoja akisema aliona mafuriko yale katika ndoto, lakini alisema hivyo juma moja baada ya mazishi.

Someni Luka 13. Bwana aliulizwa swali la namna hii hii, na yeye mwenyewe akakumbusha habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Hakukubali kwamba wale 18 walikuwa wabaya kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Mnara ulianguka juu ya waliokuwa chini yake. Pale sokoni Nyamukubi walikuwa walevi, ndiyo, na walikuwa pia wajane wanaofunga na kuomba, na watoto waliofungwa mgongoni. Matope hayakuuliza. Anayesema wafu waliadhibiwa anajipatia raha mbili kwa bei ya moja: anajiona mwenye haki, na hana tena haja ya kuchimba mfereji nyumbani kwake.

Na juu ya ndoto, sisi ni kanisa linaloamini kwamba Mungu anasema na watu wake, na hatutakana hapa. Lakini tumpime nabii kwa Eliya. Yeye alipeleka habari kabla mvua haijanyesha, kwa mtu aliyehusika, tena kwa maneno ya kazi: tandika gari, teremka. Ndoto inayosimuliwa baada ya mazishi haijamteremsha mtu yeyote kutoka bondeni.

Habari ikitangulia

Tuna mfano mwingine kutoka bahari yenyewe. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa mwezi wa tano 2024, tufani iliyoitwa Hidaya ilikuwa inaelekea pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikuwa inaifuata siku kwa siku na kutangaza iko umbali gani. Vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimamishwa. Wavuvi walionywa wasiingie baharini. Tarehe 4, mwaka mmoja kamili baada ya Nyamukubi, Hidaya iligusa nchi kavu kwenye kisiwa cha Mafia ikiwa imeanza kupungua nguvu. Mvua ilikata barabara ya kwenda Lindi, na mali ziliharibika. Lakini wenye mashua walikuwa wamekwisha kuambiwa.

Tuseme kweli, mambo hayo mawili si sawa. Tufani ya baharini inaonekana kwa setilaiti siku nyingi kabla, lakini mvua ya radi ya milimani inazaliwa mchana na kuua jioni. Tena hapa kwetu vipimo ni vichache mno. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokaa mwaka 2023 kuchunguza mvua ile ya Ziwa Kivu walitaka kujua kama kubadilika kwa tabia ya nchi kumeiongezea nguvu. Walishindwa kujibu, kwa sababu vituo vya kupima mvua katika sehemu hii ni haba na takwimu hazitoshi. Fikirini jambo hilo. Watu mamia wanakufa kwa mvua, na hakuna daftari la kutosha linaloonyesha ni mvua kiasi gani.

Kumbe daftari halina gharama kubwa. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na mti na ukuta, na rula ya mtoto wa shule ya kupimia kila asubuhi, vinatosha kwa kuanzia. Tangu mwezi uliopita vijana wetu wawili wanafanya kazi hiyo nyuma ya nyumba ya maombi ya sasa, na wanaandika. Wengine waliwacheka. Sisi tunawaita watumishi wa Eliya.

Neno juu ya radi, kwa kuwa linatuhusu sana tunaokusanyika chini ya mabati. Mwezi wa tatu 2018, kule Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, radi iliua watu 16 kanisani. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kuomba. Tukisikia ngurumo, tuliozoea kutoka nje na kuomba chini ya ule mwembe tuache. Waliomo ndani wasiegemee ukuta wala nguzo ya chuma. Simu na vyombo vya muziki vyenye waya vichomolewe kwenye umeme. Si ukosefu wa imani.

Sasa parsele

Sisi tunaoandika somo hili tulikuwa wa kwanza kuipenda parsele ile. Ni tambarare, hakuna kazi ya kusawazisha. Udongo wake ni mweusi. Bei yake ni karibu nusu ya zile za juu. Mnaona sasa kwa nini tuliomba msipite haraka kwenye habari ya kiwanja. Tulipokuwa tunatayarisha somo la Kalehe tulijisikia kama watu wanaosoma barua iliyoandikiwa wao.

Kuna wanaosema kwamba kijito chetu si Sebeya wala Nyamwamba. Ni kweli. Beni haina milima iliyosimama wima juu ya vichwa vya watu kama Kalehe. Hatutarajii mawe makubwa kuliko nyumba. Lakini maji ya meta 1 ndani ya nyumba ya matofali mabichi, usiku wa mkesha, wakati watoto wamelala juu ya mikeka, yanatosha. Tena kuna wengine wanaotutazama. Watu wengi waliokimbia vita vijijini wamepangisha kule bondeni kwa sababu ni rahisi. Kanisa likijenga pale, wao watasema mahali ni pazuri, kwa kuwa watu wa Mungu wamepachagua.

Kuna pia wanaosema tukikataa parsele hii hatutapata nyingine kwa miaka 3 au 4, na mvua itaendelea kutupiga katika kibanda cha sasa. Nao hawasemi uongo. Shauri hili lina gharama pande zote mbili, na hatutaki mtu alifanye jepesi kwa kusema Bwana atalinda.

Tuliwatuma wale vijana wawili waende kutazama. Siku ya kwanza walirudi wakasema hakuna kitu, kijito ni chembamba, mtu anakiruka. Tukawatuma tena baada ya mvua ya usiku. Wakasema maji yamepanda kidogo. Mara ya tatu waliona majani makavu yamenasa kwenye ua, juu kuliko goti. Mara ya nne hawakutazama kijito. Walimtafuta mama mzee anayekaa pale tangu zamani, wakamsalimu, wakaketi, wakauliza. Mama akawapeleka kwenye mti wa avoka ulioko katikati ya parsele ile tunayotaka kununua, akaweka mkono wake juu ya shina, karibu na bega lake, akasema maji yalifika hapa mwaka aliomzaa mwanawe wa mwisho.

Mkutano ni Jumapili baada ya maombi. Shefu wa kartie ameombwa kuja, na mama yule pia. Anayetaka kununua na asiyetaka, wote wafike mapema kidogo. Tutatembea kwanza pamoja mpaka kwenye mti.